Mshahara wa Kima cha Chini Ukipanda: Nani Anapata, Nani Analipa?

Ni tarehe 30, simu inalia. Ujumbe umeingia: mshahara. Kwa wengi wetu pesa hiyo haikai. Kabla ya jioni imeshagawanywa: ya mwenye ploti, ya deni la duka, ya mzazi kule nyumbani, na ya mkopo wa simu uliotuokoa katikati ya mwezi. Ndiyo maana kila Mei Mosi, Siku ya Wafanyakazi, watu hukaa karibu na redio wakingoja neno moja tu: nyongeza.

Wateja wetu wamo katika pande zote za neno hilo. Wapo wanaopokea mshahara kwa simu, wapo wanaoutuma, na wapo wenye till ambao mauzo yao hupanda na kushuka kulingana na mfuko wa mfanyakazi. Katika somo hili tutafuata shilingi za nyongeza hatua kwa hatua, kutoka hotuba ya uwanjani hadi sahani ya ndengu mezani. Ukimaliza, utaweza kupiga hesabu yako mwenyewe, uwe unalipwa au unalipa.

Kwanza: hotuba si sheria

Mei 1, 2024, Rais William Ruto alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara kingepanda kwa asilimia 6. Makofi yalipigwa. Lakini kiwango kipya kilianza kutumika Novemba 1, 2024, baada ya Wizara ya Leba kukichapisha katika gazeti rasmi la serikali. Kati ya makofi na sheria kulikuwa na miezi sita.

Kwa hiyo somo la kwanza ni hili: mwajiri anabanwa na kiwango kilichochapishwa pamoja na tarehe yake ya kuanza. Ukisikia tangazo redioni, usiingie deni jipya siku hiyo hiyo ukidhani pesa zimeshafika. Uliza, "Imechapishwa? Inaanza lini?"

Katika somo hili tutatumia viwango vya Novemba 2024. Kanuni ya hesabu haibadiliki kiwango kingine kikija; utabadilisha tarakimu tu.

Kima cha chini si kimoja

Watu husema "kima cha chini" kana kwamba ni namba moja ya nchi nzima. Sivyo. Kinategemea kazi na mahali. Mfanyakazi wa kawaida, kundi ambalo ndani yake wamo msafishaji, mtunza bustani, yaya, mfanyakazi wa nyumbani na soja wa mchana, alipangiwa hivi kwa mwezi:

- Miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa na Kisumu: kutoka shilingi 15,201.65 hadi 16,113.75.
- Yaliyokuwa manispaa, pamoja na miji kama Mavoko, Ruiru na Limuru: karibu shilingi 14,867.
- Maeneo mengine yote: kutoka shilingi 8,109.90 hadi 8,596.49.

Dereva, karani, mpishi na fundi wana viwango vyao vya juu zaidi. Wafanyakazi wa mashambani wana amri yao tofauti, na viwango vya chini zaidi. Vibarua nao wana kiwango cha siku.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau: hiyo ni pesa ya kimsingi, kabla ya nyumba. Mwajiri asiyekupa mahali pa kulala anafaa kuongeza marupurupu ya nyumba, asilimia 15 ya kima hicho. Kwa Nairobi, 16,113.75 pamoja na 2,417.06 ni shilingi 18,530.81. Yaya anayelala kazini hadai hiyo asilimia 15, kwa sababu nyumba ameshapewa. Yaya anayekuja asubuhi na kurudi kwake jioni anaidai. Na kama mkataba unasema mshahara wako umeunganishwa na pesa ya nyumba, sawa, lakini jumla yake isiwe chini ya 18,530.81.

Asilimia 6 ikifika mfukoni

Tuchukue msafishaji wa Nairobi ambaye mwajiri wake anafuata sheria na anamlipa pesa ya nyumba. Mshahara wake wote ulikuwa 17,481.90, sasa ni 18,530.81. Ameongezwa shilingi 1,048.91. Lakini kabla ya simu kulia, kuna makato:

- NSSF, asilimia 6: shilingi 1,111.85
- SHIF, asilimia 2.75: shilingi 509.60
- Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5: shilingi 277.96

Jumla ni 1,899.41. Kodi ya mapato hatozwi, kwa kuwa mshahara wake haufiki shilingi 24,000 kwa mwezi. Anabaki na 16,631.40. Ukipiga hesabu hiyo hiyo kwa mshahara wa zamani, alikuwa akibaki na 15,690.01. Kwa hiyo nyongeza iliyofika mkononi ni shilingi 941.39 kwa mwezi, karibu shilingi 31 kwa siku.

Je, shilingi 31 zinamtoa mtu pale alipokuwa? Hapo lazima tuangalie bei. Nyongeza iliyotangulia, ya asilimia 12, ilikuwa ya Mei 2022. Tangu hapo hadi Novemba 2024, kiwango kilikaa palepale kwa miaka miwili na nusu. Bei hazikukaa. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6, na mwaka wa 2023 wastani wake ulikuwa asilimia 7.7. Mwaka huo mmoja peke yake ulikula zaidi ya asilimia 6. Kwa maneno mengine, msafishaji wetu ameongezwa pesa, lakini bado hajarudi pale alipokuwa Mei 2022 kwa upande wa unga, mafuta na nauli.

Usiseme basi nyongeza haina maana. Bila hiyo 941 angekuwa chini zaidi. Lakini tuiite kwa jina lake: ni fidia ya sehemu tu ya kile ambacho bei zilichukua.

Sasa tuhamie upande wa mwajiri

Mwajiri naye hulipa kitu juu ya mshahara: NSSF asilimia 6 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Kwa hiyo ile 1,048.91 kwake ni shilingi 1,127.58 kwa kila mfanyakazi. Mfanyakazi anaona 941, mwajiri anaona 1,128. Wakianza kubishana, kila mmoja anasema kweli.

Tubuni mfano. Kuna mama mwenye hoteli ndogo karibu na Industrial Area. Ana wafanyakazi watatu. Kwa siku anauza sahani 100 za chapati na ndengu, shilingi 100 kila moja, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni sahani 2,600. Baada ya gharama zote, yeye mwenyewe hubaki na shilingi 30,000.

Kama alikuwa akilipa kulingana na sheria, nyongeza ya watu watatu ni shilingi 3,382.74 kwa mwezi. Gawanya kwa sahani 2,600: ni shilingi 1.30 kwa sahani. Anaweza kuimeza yeye mwenyewe na kubaki na karibu 26,600. Anaweza kupandisha bei kwa shilingi 5 na wateja wengi wasihame. Anaweza pia kununua ndengu kwa gunia badala ya kilo. Mambo yatambana, lakini hafungi.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Tuseme mama huyu alikuwa akilipa kila mfanyakazi shilingi 9,000, mkononi, bila NSSF, bila chochote. Tunajua wengi wako hapo. Kwake yeye, kufuata sheria si kuongeza asilimia 6. Ni kutoka 9,000 hadi gharama ya 19,920.62, ukiweka na michango yake. Tofauti ni 10,920.62 kwa mtu mmoja, na 32,761.86 kwa watatu. Faida yake yote ya 30,000 imekwisha, na bado ana pengo la karibu shilingi 2,762 kila mwezi. Akitaka kuihamisha yote kwa mteja, kila sahani ipande kwa shilingi 12.60. Mteja wa ndengu ya 100 ataangalia kibanda cha pili.

Hili ndilo jambo tunalotaka ukae nalo. Asilimia inayotangazwa Mei Mosi si kipimo cha uzito wa nyongeza. Kipimo ni umbali kati ya kile kinacholipwa leo na kile ambacho sheria inadai. Kwa aliye karibu, nyongeza ni shilingi moja na senti kwa sahani. Kwa aliye mbali, ni mlima. Na kadiri viwango vinavyopanda bila yeye kusonga, mlima unaendelea kukua.

Je, kazi hupotea?

Swali hili limegawanya wataalamu wa uchumi kwa miaka mingi. Hesabu ya darasani husema kitu kikipanda bei, watu hununua kidogo; basi kazi ikipanda bei, waajiri wataajiri wachache. Lakini mwaka wa 1992 jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima chake kutoka dola 4.25 kwa saa hadi dola 5.05, huku jirani yake Pennsylvania akibaki na 4.25. David Card na Alan Krueger walifuatilia mikahawa 410 ya chakula cha haraka katika majimbo hayo mawili. Walitarajiwa kukuta kazi zimepungua New Jersey. Hawakukuta hivyo. Watafiti wengine, David Neumark na William Wascher, walitumia rekodi za malipo ya mishahara wakapinga matokeo hayo, na ubishi ukaendelea. Mwaka wa 2021 Card alikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi, kwa kazi yake ya kuchunguza soko la ajira.

Kwa nini kazi zisipotee? Sababu moja ni kwamba mfanyakazi anayelipwa vizuri haondoki ovyo, na mwajiri huokoa gharama ya kutafuta na kufundisha mtu mpya kila baada ya miezi miwili. Nyingine ni kwamba, mahali ambapo waajiri ni wachache, mshahara huwa chini ya thamani ya kazi yenyewe, kwa hiyo kuna nafasi ya kupanda bila mtu kufutwa.

Lakini ngoja kidogo. New Jersey si Gikomba. Mikahawa ile ilikuwa na rekodi na ilikuwa tayari inalipa kima cha zamani. Hapa kwetu, ukiacha kilimo kidogo cha nyumbani, zaidi ya wanane kati ya kila wafanyakazi kumi wako katika sekta ya jua kali. Mwaka wa 2008 watafiti Mabel Andalón na Carmen Pagés walichapisha uchunguzi kuhusu Kenya. Waliona kwamba kima cha chini kikisogea karibu zaidi na mshahara wa mtu wa katikati, sehemu ya kazi rasmi hupungua, na sehemu ya watu wanaojiajiri huongezeka.

Tafsiri yake mtaani ni rahisi. Mfanyakazi hakai nyumbani akingoja. Hana huo uwezo. Anatoka kwenye kazi yenye payslip na kuingia kwenye mkokoteni, kibanda au boda boda. Kwenye takwimu bado "anafanya kazi". Lakini hana NSSF, hana likizo, na kima cha chini hakimgusi tena. Hiyo ndiyo hatari ya kweli: sheria inayomlinda aliye ndani inaweza kuongeza foleni ya walio nje, kama haiendi na ukaguzi na usaidizi wa kuingia polepole.

Shilingi inayozunguka

Kuna upande mwingine ambao mama wa hoteli hauoni kwenye daftari lake. Anapolipa, mshahara ni gharama. Jirani yake anapolipa, mshahara ule ule ni wateja. Mtu wa kipato cha chini akiongezwa 941, hazipeleki ng'ambo. Zinaishia kwa mama mboga, kwa kinyozi, kwa maji ya mtungi, kwa karo. Wafanyakazi wa kiwanda cha jirani wakiwa na shilingi 31 zaidi kwa siku, baadhi yao wataongeza chapati moja.

Hii ndiyo sababu nyongeza inayofuatwa na wote ni nyepesi kuliko inayofuatwa na mmoja. Mwajiri anayelipa kisheria peke yake anashindana na wanaolipa 9,000, na wao ndio wanaouza bei ya chini. Wote wakisogea pamoja, gharama imepanda kwa wote na wateja wameongezeka kwa wote. Kwa hiyo ukaguzi wa maafisa wa leba unamsaidia pia mwajiri mwaminifu.

Wala tusidanganyane: haitoshi kila mara. Sehemu ya nyongeza hurudi kwenye bei. Mwenye ploti naye husikia redio, na Juni akapandisha kodi. Ikiwa kodi ya chumba imepanda kwa 500, zaidi ya nusu ya ile 941 imeshaondoka kabla hujanunua unga.

Ukiwa unalipwa

Kwanza, jua kiwango chako: kazi gani, mahali gani, mwezi au siku. Ulizia ofisi ya leba iliyo karibu nawe au chama chako cha wafanyakazi.

Pili, omba mshahara ulipwe kwa njia inayoacha alama. Ujumbe wa simu wenye tarehe na kiasi ni ushahidi. Noti mkononi haina ushahidi. Usifute ujumbe hizo, na unaweza kuomba taarifa ya miamala ya miezi iliyopita kwenye menyu ya simu yako. Mkielewana pia ni nani analipa ya kutoa, mtaepuka ugomvi wa kila mwezi.

Tatu, dai payslip. Ni haki yako kuona mshahara wote na kila makato. Kisha hakikisha NSSF na SHIF zinazokatwa zinafika; kuna waajiri wanaokata na kukaa nazo.

Nne, nyongeza ikiingia, amua kazi yake kabla ya kuizoea. Shilingi 941.39 kwa mwezi ni 11,296.68 kwa mwaka. Kwa anayekopa kwa simu kila tarehe 20, kuielekeza kwenye deni hilo kwanza huenda kukamfaa kuliko kuongeza matumizi.

Na tahadhari: kila tangazo la nyongeza huleta matapeli. Ujumbe ukisema "pokea nyongeza yako ya serikali" na kukuuliza PIN, ni wizi. Nyongeza ya mshahara hutoka kwa mwajiri wako, na hakuna anayehitaji PIN yako kukulipa.

Ukiwa unalipa

Usianze na kufuta mtu. Anza na kupima umbali. Andika unacholipa leo, kiwango cha sheria na tofauti. Gawanya tofauti hiyo kwa idadi ya sahani, nguo au vichwa unavyohudumia kwa mwezi. Ile shilingi kwa sahani itakuambia ukweli kuliko hofu.

Pia ujue kwamba pengo halipotei kwa kutolizungumza. Anayelipa 9,000 mahali pa 18,530.81 anajijengea deni la shilingi 9,530.81 kila mwezi, yaani 114,369.72 kwa mwaka, kwa mtu mmoja. Siku uhusiano ukiharibika, mfanyakazi anaweza kulidai hilo mahakamani, na kama mwajiri hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye.

Kama huwezi kuufunga umbali huo mwezi huu, zungumza na watu wako waziwazi, mpange hatua na muandike, mkijua kwamba makubaliano hayafuti haki yao kisheria. Wengine wamegundua kwamba wanahitaji mtu wa nusu siku tu, wengine kwamba bei yao ilikuwa chini mno kwa miaka mingi. Lipa kwa simu, tarehe moja kila mwezi, na uweke rekodi.

Zoezi la leo

Fungua simu yako utafute ujumbe wa mshahara wa mwisho, uliopokea au uliotuma. Linganisha kiasi hicho na kima cha kazi hiyo mahali hapo, ukikumbuka makato na pesa ya nyumba. Andika tofauti kwenye karatasi. Kama ni sifuri, vizuri. Weka ujumbe huo salama. Kama kuna pengo, sasa unajua ukubwa wake, na mazungumzo ya wiki ijayo na bosi, au na mfanyakazi wako, yataanzia kwenye namba badala ya lawama.